Our Gang ya enzi za filamu bubu: maswali ninayoulizwa uani

Kila baada ya wiki chache natundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani kwetu, Tanga, nawasha projekta ndogo niliyoinunua mtumba, na watoto wa mtaa wanajaa kwenye mikeka kabla hata giza halijaingia. Tunaangalia vichekesho vya watoto vya Hal Roach vya miaka ya 1920, vile visivyo na sauti. Maswali huwa ni yale yale, ya watoto wenyewe na ya wazazi wanaokuja kuwachukua, nikaona bora niyaandike mara moja. Mimi si msomi wa sinema, ni mpenzi tu wa siku nyingi.

Our Gang ni kitu gani?

Ni mfululizo wa filamu fupi za vichekesho ambazo waigizaji wake wakuu ni watoto. Jina lenyewe maana yake ni Genge Letu. Ni watoto wa mtaa mmoja, wengi wao wa nyumba zisizo na kitu, wanaojitengenezea michezo kwa mbao, makopo na magurudumu ya kuokota. Filamu ya kwanza iliingia kwenye majumba ya sinema Marekani Septemba 1922, na ya mwisho ikatoka mwaka 1944. Zote kwa jumla ni 220, na kati ya hizo 88 ni bubu. Hizo 88 ndizo ninazozizungumzia hapa.

Nyingi ni za rili mbili (rili ni gurudumu moja la mkanda wa filamu), yaani kama dakika 20 hivi. Ni muda unaotosha kabla mtoto hajaanza kudai maji.

Nani alizibuni?

Hal Roach, mtayarishaji aliyekuwa na studio yake Culver City, California. Alipenda kusimulia kwamba siku moja mwaka 1921 aliletewa binti mdogo kwa ajili ya majaribio, kapakwa poda na rangi za midomo, kafundishwa kila mkao na kila tabasamu. Akaboeka. Alipofika dirishani akawaona watoto kwenye yadi ya mbao ng'ambo ya barabara wakigombania vijiti. Kila mmoja alikuwa ameshaokota chake, lakini yule mdogo kachukua kile kikubwa, na mkubwa anakitaka. Roach akasimama pale robo saa nzima akiwatazama. Alipozinduka akajiuliza: kama mimi mtu mzima nimenaswa na ugomvi wa vijiti, watazamaji je?

Hadithi hiyo aliisimulia kwa miaka mingi mno, na hadithi ikisimuliwa sana hunyooka. Lakini ukishaziona filamu zenyewe huna sababu ya kuikataa. Nyingi zinaanza hivyo hivyo: kijiti kimoja, watoto wawili.

Aliyewaongoza watoto ni nani?

Robert F. McGowan, mzimamoto wa zamani wa Denver. Watoto walimwita Anko Bob. Filamu ya majaribio ilianza chini ya mwongozaji mwingine, Fred Newmeyer, haikuridhisha, McGowan akaichukua na kuipiga upya. Akabaki na genge hilo hadi mwaka 1933.

Watoto wadogo vile walikariri vipi mchezo?

Hawakukariri chochote. Wengi wao walikuwa hawajajua kusoma. McGowan aliwakusanya kabla ya kupiga picha, akawaeleza tukio kana kwamba anawapa mchezo wa kucheza: wewe unataka keki, wewe hutaki apate, wewe humwoni mbwa. Halafu kamera inaanza kuzunguka, naye anaendelea kuongea kupitia kipaza sauti cha mkono, kile chenye umbo la faneli: "Mgeukie! Mwangalie tena! Sasa kimbia!" Filamu ni bubu, kwa hiyo sauti yake haikuingia popote. Mtoto akibuni jambo lake papo hapo, linabaki.

Hapa ndipo mimi naona ubora wa hizi filamu bubu kuliko zile zilizofuata. Sauti ilipoingia mwaka 1929, mwongozaji alilazimika kufunga mdomo kamera ikiwa inakwenda, na watoto wakapewa maneno ya kusema. Ukizitazama za mwanzo za sauti utawaona baadhi yao wamesimama wima wakisubiri zamu ya kuongea, kama wanafunzi kwenye mahafali. Miaka miwili nyuma watoto hao hao walikuwa wanatambaa chini ya uzio.

Lakini midomo inacheza. Walikuwa wanasema kitu?

Walikuwa wanaongea, wanapiga kelele, wanalia kweli. Hakuna aliyerekodi tu. Maneno machache ya lazima yaliandikwa kwenye kadi zinazotokea katikati ya picha. Mwandishi wa kadi hizo alikuwa H. M. Walker, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari za michezo gazetini, na utani wake ni mkavu: anaandika upuuzi kwa sura ya mtu anayetangaza habari nzito.

Kadi ni za Kiingereza. Watoto wasiojua Kiingereza wanaelewaje?

Mwanzoni nilikuwa nasoma kila kadi na kuitafsiri kwa sauti. Nikawa nawachosha, nami nachoka. Jioni moja mafua yalinibana sauti, nikakaa kimya. Haikupita dakika mpwa wangu wa miaka tisa akasimama pembeni ya shuka, akaanza mwenyewe: "Huyu mnene ndiye kamanda. Anawaambia, leo hatuli mpaka tumeshinda. Ona, ona, nesi anakuja, nesi ana dawa inayowasha!" Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye kadi. Uani watu walicheka hadi bibi jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini.

Wala si jambo geni. Sisi tumekulia kwenye mabanda ya video, na tunawajua akina DJ Afro wa Kenya wanaozungumza juu ya filamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Japani enzi za filamu bubu walikuwapo watu wa kazi hiyo, wakiitwa benshi, wanasimama kando ya pazia na kusimulia kila kitu, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Kwa hiyo ushauri wangu: mpe mtoto mmoja kazi ya udijei, halafu wewe nyamaza.

Nianze na ipi?

Anza na Dogs of War, ya Julai 1923. Nimeshaionyesha mara nyingi kuliko zote na haijawahi kuniangusha.

Nusu ya kwanza ni vita. Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imemalizika mwaka 1918, na watoto wa 1923 walikuwa bado wanaicheza mitaani. Genge limejipanga dhidi ya genge la upande wa pili, na risasi ni mboga zilizooza. Mary Kornman ndiye nesi. Inachekesha kwa sababu wao hawachekeshi: wanakunja sura kama majenerali, kila nyanya inarushwa kwa nia ya kweli. Mtoto yeyote aliyewahi kurushiana maembe mabovu anajua uzito wa jambo hili.

Kisha Mary anaitwa kwenda kuigiza studio. Wenzake nao wanataka kuingia, mlinzi anawazuia, wanaingia kwa njia zao. Kutoka hapo filamu inageuka kuwa matembezi ndani ya kiwanda cha sinema cha wakati ule, kuta zilizoegeshwa kwa nyuma na kamera za kuzungusha kwa mkono. Wanakutana uso kwa uso na Harold Lloyd mwenyewe, nyota mkubwa wa vichekesho wa studio ile, akiwa na Jobyna Ralston. Wawili hao walikuwa kwenye kazi ya filamu yao Why Worry?, iliyotoka mwaka huo huo. Mwishowe watoto wanajipatia kamera na kuanza kupiga filamu yao.

Kwa faida ya watoto wanaopenda mambo madogo madogo: miwani ya Lloyd haikuwa na vioo, ni fremu tupu. Na mkono wake wa kulia ulikosa kidole gumba na cha shahada, kwa sababu mwaka 1919 alishika bomu alilodhani ni la maigizo, wakati wa kupigwa picha, likalipuka. Baada ya hapo alivaa glovu maalumu kila alipoigiza. Nikishalisema hili hakuna anayetazama kitu kingine zaidi ya mkono.

Watoto wenyewe ni akina nani?

Wa miaka ya mwanzo utawazoea haraka. Ernie Morrison, aliyeitwa Sunshine Sammy, ndiye mkubwa na ndiye mwenye uzoefu, maana Roach alikuwa ameshampa mkataba tangu 1919. Mickey Daniels ana madoadoa usoni na cheko la mdomo wote. Jackie Condon ni yule ambaye nywele zake hazijawahi kuona kitana. Joe Cobb ni bonge. Jack Davis alikuwa mdogo wake Mildred Davis, mke wa Harold Lloyd. Mary Kornman alikuwa binti wa mpiga picha za mnato wa studio. Ukiona undugu umejaa, ndivyo ilivyokuwa: wengi waliingia kwa mlango wa jamaa.

Halafu yupo Farina, anayestahili swali lake.

Farina ni wa kike au wa kiume?

Wa kiume. Jina lake Allen Hoskins, kazaliwa 1920, akaingia kwenye genge akiwa bado hajanyooka kutembea. Farina ni uji wa ngano, basi ndiyo jina alilobandikwa. Alisukwa vijinywele vilivyosimama vimefungwa vitambaa, akavalishwa nguo ambazo leo anaonekana kaka, kesho dada, na studio ikaacha watu wabishane kwa makusudi. Uani kwetu ubishi bado upo, miaka mia baadaye. Alibaki hadi 1931 akiwa ameonekana katika filamu 105, kuliko mtoto mwingine yeyote wa genge.

Ukiniuliza mimi, ndiye mwigizaji bora kuliko wote katika zile filamu bubu. Mtazame anapomtazama mtu mzima. Hafanyi chochote. Anainua macho tu, taratibu, na tayari umeshajua anafikiri nini.

Kuna ubaguzi humo?

Umo, na nakwambia mapema usije ukashtukia mbele ya watoto. Maneno ya watoto Weusi kwenye kadi yameandikwa kwa Kiingereza cha kuvunjwavunjwa, wakati mwenzao Mzungu wa mtaa huo huo anaandikiwa vizuri zaidi. Wao ndio wanaotiwa hofu ya mizimu. Tikitimaji, ile dhihaka ya zamani ya Marekani dhidi ya watu Weusi, haliko mbali. Rangi yao inafanywa mzaha kwa namna ambazo mtoto wa leo, hasa mtoto wetu, hawezi kuzipita hivi hivi. Binti mmoja wa darasa la tatu aliniuliza mbona wanamcheka Farina nywele wakati hata yeye anasukwa hivyo. Nilisimamisha projekta. Nikamwambia ukweli: waliotengeneza waliona nywele zako ni za kuchekesha, nao walikosea. Akasema haya, endelea.

Sasa na upande wa pili, maana haufuti ule wa kwanza ila lazima usemwe. Mwaka 1922 katika majimbo ya kusini ya Marekani mtoto Mweusi na mtoto Mzungu hawakuruhusiwa na sheria kusoma shule moja, na sheria hizo zilidumu hadi hukumu ya mahakama kuu ya nchi mwaka 1954. Humu ndani wanalala kitanda kimoja, wanakula sahani moja, wanachapwa pamoja, na Sammy anawapa Wazungu wadogo amri nao wanatii. Katika Lodge Night ya 1923, wakati Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, likiwa limefufuka na kunenepa, genge linaanzisha chama cha siri na kukiita Cluck Cluck Klams, na watoto Weusi ni wanachama. Cluck ni mlio wa kuku, na kuwakejeli wale jamaa kwa jina la kuku mwaka ule hakukuwa jambo dogo.

Morrison mwenyewe alipokuwa mzee alisema Roach hakuwabagua pale studio. Namwamini kuhusu studio. Kadi nazo nimezisoma.

Walilipwa? Walisoma?

Walilipwa mshahara wa wiki kwa mkataba. Shule ilikuwa pale pale studio: sheria ya California ilidai watoto wasome, na kwa miaka mingi mwalimu wa genge alikuwa Bi. Fern Carter.

Pesa kumfikia mtoto mwenyewe ni habari nyingine. Sheria wakati huo iliona mapato ya mtoto ni mali ya wazazi. Aliyelivalia njuga jambo hili hakuwa wa Our Gang, alikuwa Jackie Coogan, yule mtoto wa filamu ya The Kid ya mwaka 1921. Alipokuwa mtu mzima akakuta mamilioni aliyoyachuma yametumiwa na mama yake na baba wa kambo, akafungua kesi mwaka 1938, akaambulia dola 126,000. Mwaka uliofuata California ikapitisha sheria ya kulinda sehemu ya mapato ya watoto waigizaji, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kwa genge la 1922 ilikuja wakiwa wameshaota ndevu.

Mbona wanakimbia kama siafu?

Kamera zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kama picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Ukizionyesha kwa 24 za siku hizi, kila mtu anaharakisha. Tena kwenye vichekesho wapiga picha walipunguza mwendo kwa makusudi, ili mbio zionekane mbio. Ukipata nakala ambayo hata kukaa chini kunaonekana ni kuanguka, tafuta nyingine, au punguza kasi kwenye programu unayotumia. Mimi hushusha hadi asilimia 80 hivi.

Muziki ule ni wa wakati ule?

Ni nadra mno. Kila jumba la sinema lilikuwa na mpiga piano au kinanda wake, anapiga anachoona kinafaa. Unaousikia kwenye nakala umewekwa baadaye. Nilijaribu singeli mara moja. Ilikwenda na mbio za mbwa vizuri ajabu, lakini watoto wakainuka kucheza na hakuna aliyetazama tena. Tangu hapo naweka ala za taarabu bila mwimbaji, kwa sauti ya chini.

Mbwa mwenye duara jichoni yuko wapi?

Huyo mbwa maarufu wa genge alikuja 1927. Za kabla ya hapo wapo mbwa wengine, pamoja na mbuzi, nyani, na chotara wa punda na farasi aitwaye Dinah.

Hizi ndizo The Little Rascals?

Ni genge lile lile, jina jingine. Mwaka 1938 Roach aliuza mfululizo huo kwa MGM, studio kubwa ya Hollywood, pamoja na jina lake. Alipotaka kuzirudisha zile zake za zamani zenye sauti, jina Our Gang halikuwa lake tena, ndipo likaja The Little Rascals, lililoingia kwenye televisheni mwaka 1955. Zile bubu nazo zilipelekwa kwenye televisheni kivyake, zikakatwa, zikawekewa msimulizi na milio ya boing-boing. Ukikuta ya dakika 11 yenye mtu anayeongea bila kupumua, si shida ya mtandao wako. Ni hizo.

Naruhusiwa kuzionyesha?

Kwa sheria za Marekani, filamu zilizotoka kabla ya 1930 zimeshakuwa mali ya umma, kwa hiyo za bubu zipo huru huko. Angalia mambo mawili: muziki mpya uliowekwa juu una mwenyewe, na kila nchi ina sheria yake ya haki miliki. Ukitaka kuweka kiingilio, muulize kwanza anayeijua ya kwenu. Mimi sitozi. Kuna mama analeta visheti, vinatosha.

Zimebaki zote?

Nyingi za Our Gang zimenusurika, lakini baadhi ya zile bubu za mwishoni, zilizosambazwa na MGM, zimepotea. Ukilinganisha na wengine hawa wana bahati. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa mwaka 2013 ulikuta kwamba kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 za nchi hiyo, asilimia 14 tu zipo katika umbo zilipotoka nalo. Mkanda wa enzi hizo ulikuwa wa naitreti, unaowaka hata ukiutumbukiza majini, na ukiachwa kwenye kopo unanata, unatoa harufu, mwisho unakuwa unga. Studio ya Roach yenyewe ilibomolewa mwaka 1963.

Hao watoto wako wapi sasa?

Hili huulizwa na mdogo kuliko wote, kila mara, taa zikishawashwa. Mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka 1923 leo angekuwa amepita mia.

Sammy aliondoka kwenye genge mwaka 1924 akaenda kwenye maonyesho ya jukwaani, akarudi kwenye filamu akiwa kijana, kisha akafanya kazi katika viwanda vya vyombo vya anga. Alifariki 1989. Jean Darling, aliyekuja mwishoni mwa zile bubu, alifika hadi 2015, akafia Ujerumani. Farina alikwenda jeshini Vita ya Pili ya Dunia, akaacha uigizaji, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwahudumia watu wenye ulemavu wa akili huko California. Alifariki 1980.

"Alikuwa bado anasukwa?" binti wa darasa la tatu aliniuliza.

Nikamwambia nimeona picha zake za utu uzima. Alikuwa ana suti na tai.

"Basi turudishe pale alipokuwa amesukwa," akasema, na mimi nikarudisha.